Banda la Kuku Katika Nchi ya Theluji

Mazungumzo ya leo nimekusudia kuyaelekeza hasa kwa jamaa zetu waliohamia kaskazini mwa Marekani na Kanada, watu wa Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya ambao leo maskani yao ni Minnesota, Maine au Manitoba, nao kwa kuwa wamelelewa katika nyumba ambazo kuku hakukosekana uani, hawakai sana ugenini ila nafsi huwatamanisha wawe na mitetea michache nyuma ya nyumba. Haja hiyo ni njema, na nchi ile haiizuii. Bali ni sharti mtu ajue kwamba anajenga mahali ambapo miezi minne au mitano kwa mwaka ardhi huwa imeganda, na ambapo katika kijiji cha Tower, huko kaskazini mwa Minnesota, tarehe 2 Februari 1996, kipimajoto kiliteremka hata digrii 51 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi.

Mtu anayeanza, akishasikia habari ya baridi ya namna hiyo, wazo la kwanza limjialo ni kuziba. Ataziba kila ufa, atapigilia mbao mbili mbili, atatia pamba katikati, atafunga madirisha kwa plastiki, kisha atatundika taa ya moto juu ya kuku wake na kwenda kulala akiwa ameridhika kwamba amewatendea ihsani. Nami nasema, kwa yakini kabisa, kwamba banda la namna hiyo huwadhuru kuku kuliko baridi yenyewe, na kwamba mtu akishika jambo hili moja tu katika yote nitakayoyasema, atakuwa ameshika nusu ya elimu ya ufugaji wa nchi za baridi: kuku mzima mwenye manyoya kamili huistahimili baridi iliyo kavu, lakini unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani haistahimili.

Tumtazame kwanza kuku mwenyewe. Joto la mwili wake ni digrii 41 hivi, yaani kutushinda sisi wanadamu kwa digrii nne. Manyoya yake ya nje hukinga upepo na matone, na chini yake yako manyoya laini yanayoshika hewa yenye joto karibu na ngozi, ndiyo maana usiku wa baridi utamwona kuku ametutumka hata akaonekana mara mbili ya ukubwa wake, amekalia miguu yake na kichwa amekitia chini ya bawa. Mahali asipokuwa na kinga ni pawili tu: miguu, na ule undu mwekundu wa kichwani pamoja na ndevu zake za chini ya mdomo. Hapo ndipo baridi humpata. Undu ulioungua kwa baridi huanza kwa kufifia rangi, ukawa wa kijivu, kisha ncha zake zikawa nyeusi na hatimaye zikaanguka. Na aghalabu utaona kwamba kuku waliopatwa na balaa hilo hawakuwa wale waliolala mahali penye hewa, bali wale waliolala mahali pa unyevu.

Sababu yake si ya siri. Fanya hesabu ya kuku sita. Kila mmoja hunywa robo lita ya maji kwa siku, takriban, basi wote pamoja lita moja na nusu, na katika maji hayo ni akali tu iingiayo ndani ya yai. Yaliyobaki hutoka kwa pumzi na kwa kinyesi, na kinyesi cha kuku kikiwa kibichi, robo tatu yake ni maji. Usiku wa Desemba katika jiji la Minneapolis unapita saa kumi na tano, na muda huo wote kuku wako ndani, wanapumua na wanaangusha kinyesi, na mvuke unapanda. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi, kwa hiyo ikiwa haina pa kutokea, mvuke ule hujikusanya chini ya paa kama ujikusanyavyo chini ya kifuniko cha sufuria, ukadondoka juu ya migongo ya kuku, ukalowesha matandazo, ukatua juu ya undu na ndevu, na hapo ndipo baridi, ambayo peke yake isingeweza kitu, hupata njia ya kuingia mwilini. Fauka ya hayo, kinyesi kilicholoa hutoa amonia, ile harufu kali ichomayo pua na kuliza macho, nayo huharibu mapafu ya kuku siku nyingi kabla mwenyewe hajashuku kitu. Mfugaji akiinama asubuhi mpaka kichwa chake kikafika kimo cha kuku, akavuta pumzi na pua ikawasha, basi ajue kwamba kuku wake wameivuta hewa hiyo usiku kucha.

Wala si maneno ya leo haya. Mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwako Marekani mganga mmoja, Dk. Prince T. Woods, ambaye aliacha mabanda yaliyozibwa kama ghala akabuni banda refu lenye mbele fupi iliyoelekea kusini, na mbele hiyo akaiacha wazi wakati wote wa mwaka, imefungwa kwa wavu tu. Kuku walilala mwisho kabisa wa banda, huko nyuma, ambako kuta tatu zilikuwa hazina hata tundu la msumari, basi hewa iliyojaa ndani ikauzuia upepo usifike kwao, na mvuke ukatokea mbele bila ya kizuizi. Alieleza ujenzi huo katika vitabu vyake, kimoja kikatoka mwaka 1924, na hata leo wako wafugaji wa kaskazini wanaojenga banda la Woods na kupitisha nalo majira ya theluji bila ya taa wala jiko. Mimi simwambii anayeanza lazima ajenge vile. Namwambia afikiri juu ya banda lile kila mara mkono wake unapotaka kuziba tundu.

Kwa banda dogo la kawaida kanuni ni hii: hewa itoke juu, na kuku alale chini ya njia yake. Acha nafasi wazi chini ya upenu, kwenye pande mbili zinazokabiliana, na nyingine juu kabisa penye pembetatu ya paa, zote zifungwe kwa wavu mgumu na zifunikwe kwa paa lililotokeza ili theluji isipeperuke ndani. Wafugaji wengi wa huko hukisia futi 1 ya mraba ya nafasi kwa kila kuku, na anayeanza akiona ni nyingi mno, basi na azitengenezee vibao vyenye bawaba ambavyo ataweza kufunga upande mmoja siku ya tufani. Maana tundu lililokwisha katwa hufungwa kwa dakika moja, na lile ambalo halikukatwa litamtaka apande ngazi mwezi wa Januari akiwa na msumeno mkononi. Lakini kwenye kimo cha kuku waliolala pasiwe na ufa wowote. Ukitaka kuhakikisha, shika utepe mwepesi penye mahali pao pa kulala siku yenye upepo. Ukitikisika, tafuta ufa uuzibe, na usipotikisika hali huko juu hewa inapita, umepata ulichokitaka.

Na mahali penyewe pa kulala pana siri yake. Sisi tumezoea kumpa kuku ufito wa mviringo aukamate kwa vidole. Katika nchi ya theluji ufito mwembamba ni hasara, kwa sababu vidole vinavyouzunguka hubaki nje upande wa chini na huganda. Mpe ubao, ule uitwao huko mbili kwa nne, na uulaze kwa ubapa wake mpana, ambao kwa hakika ni sentimita 9 hivi, ili akikaa nyayo zake zilale bapa na manyoya ya kifua yazifunike zote. Kila kuku apewe sentimita 25 za urefu, ingawa usiku wa baridi utawaona wamesongamana upande mmoja na nusu ya ubao imebaki tupu; tena ubao usitegemee ukuta wa nje, na uwe juu kuliko viota vya kutagia, kwani kuku hutafuta mahali palipo juu zaidi, na kiota kikiwa juu atakilalia na kukichafua.

Ukubwa wa banda si jambo la kutusumbua sana: futi 4 za mraba ndani kwa kila kuku, na 10 uani, ndiyo kadiri inayotumika. Lakini mwenye nafasi na aongeze, kwa maana zitakuja wiki nzima ambazo kuku hawatatoka, na kuku waliobanwa bila ya shughuli huanza kudonoana manyoya mpaka damu itoke.

Juu ya mahali pa kujenga nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wageni wa nchi hupotea. Kiangazi uwanja wote ni sawa, na mtu huchagua pembe ya mbali kabisa ili harufu isimfikie. Kisha theluji huanguka ikafika magotini, naye mara mbili au tatu kwa siku sharti aichimbe njia kutoka mlango wa nyumba yake mpaka huko, akiwa na ndoo ya maji mkononi. Jenga karibu. Elekeza dirisha kusini, kwa kuwa wakati wa baridi jua la huko hupita chini sana upande huo, na kisogo cha banda kiupe upepo wa kaskazini-magharibi. Inua sakafu juu ya nguzo fupi au mawe, kwa ajili ya panya na kwa ajili ya matope ya Machi na Aprili, wakati theluji inapoyeyuka nayo ardhi ya chini bado imeganda na maji hayana pa kwenda. Paa liwe na mwinamo wa kutosha ili theluji iteremke, lakini isiteremkie mlangoni! Na mlango wenyewe uutazame vizuri: ukifunguka kwa nje na kizingiti chake kiko sawa na ardhi, asubuhi moja ya tufani utaukuta umezuiwa na theluji na kuku wako ndani hawana maji, basi kizingiti kiinuliwe futi nzima, na koleo ya theluji ikae nyumbani kwako, isikae bandani. Uani nako, zungusha plastiki nene upande wa upepo na weka paa juu ya sehemu yake, kisha mwaga mabua makavu ya ngano chini, kwani kuku wengi hukataa kabisa kuikanyaga theluji, lakini juu ya mabua watatoka kupekua hata siku ya digrii 10 chini ya sifuri.

Ndani, tandaza maranda makavu ya mbao yenye kina cha sentimita 15 tangu mwanzo wa majira ya baridi, na uwe unaongeza juu mengine kila yanapoanza kuchafuka, huku ukigeuza ya chini kwa reki. Wako wanaoyaacha mpaka masika na kuyatoa yote kwa mara moja, yakawa mbolea bora ya bustani. Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye bidii ya kuyageuza. Kwa mwenye uvivu ni njia ya kurudi kwenye ile amonia tuliyoisema, na heri aweke kibao chini ya mahali pa kulala akikwangue kila asubuhi, kazi ambayo kinyesi kikiwa kimeganda huwa nyepesi kabisa.

Maadui wa kuku huko ni wengi, na njaa ya majira ya baridi huwatia ujasiri. Yuko mbweha, yuko bundi mkubwa, yuko rakuni, mnyama mwenye vidole hodari hata kia cha kawaida hukifungua, na yuko kicheche, mwembamba, ambaye tundu la inchi moja linamtosha kupenya, naye akiingia usiku haui mmoja, huua wote. Ule wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita unauzwa kila duka na bei yake ni nafuu, nao hufaa kuwatenga kuku na bustani ya mboga, basi. Rakuni huurarua kwa mikono. Nunua wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, uufunge kwa skrubu na vipande vya chuma, usitegemee pini za kubana, na uutandaze chini kulizunguka banda kwa upana wa futi 2 kwenda nje, uufunike kwa udongo, ili mnyama akichimba akute chuma. Ghali, ndiyo. Hapa sijui njia ya rahisi ya kumshauri mtu.

Katika kuchagua kuku, tazama undu kabla ya kutazama rangi. Kuku wa Leghorn hutaga sana lakini ana undu mrefu uliosimama, nao ndio wa kwanza kuungua. Wyandotte ana undu mpana uliolala juu ya kichwa, Brahma ana mdogo sana na miguu yake ina manyoya. Lakini anayenivutia mimi kupita wote ni yule aitwaye Chantecler, kwa kisa chake: mtawa mmoja wa Quebec, Bruda Wilfrid Châtelain, wa monasteri ya Watrapisti ya Oka, alitambua kwamba Kanada haikuwa na kuku wake yenyewe, wote wameletwa kutoka nchi nyingine na wote wanateseka na baridi, basi akashika kuku wa namna tano akawapandisha vizazi kwa vizazi kwa subira kubwa, mpaka akapata kuku wa nyama na mayai pamoja, mwenye undu na ndevu ndogo hata ni shida kuziona, ambaye mwaka 1921 aliandikwa rasmi katika orodha ya wafugaji wa Marekani. Alimtengeneza kuku afuate hali ya nchi, badala ya kuibadili nchi kwa taa.

Na habari ya taa lazima niiseme bila ya kuipamba. Ile taa nyekundu ya wati 250, inayotundikwa kwa mnyororo juu ya maranda makavu katika nyumba ya mbao iliyojaa vumbi la manyoya, kila mwaka huteketeza mabanda, na mara nyingine moto hutoka bandani ukaingia nyumba ya watu. Kuku akiruka mara moja akaigonga, yamekwisha. Tena kuku aliyezoeshwa joto hakuzi manyoya ya kutosha, na usiku umeme ukikatika katika tufani, baridi humpata ghafla wala hana cha kujikinga nacho. Vifaranga ni mbali: hao wanataka digrii 35 juma la kwanza, zikipunguzwa tatu hivi kila juma mpaka wameota manyoya, na kazi hiyo ifanyike mahali pa salama, si bandani wakati wa theluji. Kwa kuku wazima, nawasihi wasikilizaji wangu wenye watoto ndani ya nyumba, msitundike taa hiyo.

Taa ndogo ya mwanga ni jambo jingine. Kuku hutaga kwa kufuata urefu wa mchana, na mchana usiofika saa tisa humwambia apumzike. Ukitaka mayai utamwongezea mwanga mpaka zipatikane saa kumi na nne, na uwashe alfajiri, si jioni, kwa sababu taa ikizimika jioni ghafla huwaacha sakafuni gizani, hawaoni pa kupanda. Tembe wa mwaka wa kwanza mara nyingi hutaga bila ya taa. Mimi kwa rai yangu, anayeanza awaache majira yale ya kwanza wafuate jua, ajifunze kwanza mengine. Jioni awape konzi ya mahindi kabla hawajapanda kulala, washibe kwa ule usiku mrefu. Maji ndiyo taabu ya kila siku: ama anunue kitako cha umeme kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ama awe na mabakuli mawili ya mpira, moja linayeyuka nyumbani na jingine liko kazini, na yote mawili yakae mbali na matandazo na yasiwe mapana, jogoo asije akaziloweka ndevu zake. Mayai nayo yaokotwe mara kwa mara, kwani yai likiganda hupasuka.

Kabla ya yote hayo aende ofisi ya mji wake aulize sheria, maana kila mji una yake: huu huruhusu kuku sita, ule hukataza jogoo, ule hutaka kibali. Vifaranga vichukuliwe Aprili au Mei ili vifikie baridi vikiwa vimekomaa. Nguzo zichimbiwe kiangazi, maana ikifika Novemba ardhi itaanza kuganda na jembe halitaingia. Banda likamilike Septemba, na kuku walale humo Oktoba yote, mwezi wa majaribio, zinapoanza zile asubuhi za sakitu: mwenyewe aende alfajiri kabla ya kufungua mlango, atazame kioo cha dirisha kwa ndani na apapase mbao za chini ya paa. Vikiwa vikavu, ametimiza. Vikiwa vimelowa, au kioo kimefanya barafu kwa ndani, siku hiyo hiyo achukue msumeno aongeze nafasi juu, halafu kesho alfajiri arudi atazame tena.